Goti la Mastasaheb na Mkono wa Rewati

Lucknow, 2 Juni 1997

Bauju,

Naigusa miguu yako, wa kulia kwa heshima na wa kushoto kwa hasira, maana huo wa kushoto nilikuwa sijamaliza nao kazi.

Narudi kutoka kliniki nakuta kitanda kimetandikwa kijeshi na kikaratasi juu ya mto: "Nimepata basi. Joto la Lucknow si la binadamu." Baba gani huyu? Mtu aliyevunjika pia ya goti, akaunganishwa kwa waya, hapandi basi la milimani bila hata kumuaga binti yake. Ningejua ningekufunga kamba.

Haya, umeshafika, sikiliza. Karatasi yako iko kwenye mfuko wa nje wa begi, niliiweka mwenyewe. Nimechora kwa kalamu nyekundu zoezi la kutelezesha kisigino, la kukaza paja, na lile la kusimama kwa mguu mmoja HUKU UMESHIKA UKUTA. Usiuache ukuta. Goti likivimba jioni, siku ya pili punguza. Likiamka jepesi, ongeza kidogo. Nimeiandika kwa ajili ya goti lako wewe, mtu mwembamba mwenye mifupa migumu na kichwa kigumu kuliko mifupa, anayeishi kwenye nyumba ya ngazi za mawe. Si ya mtu mwingine.

Na usipige simu kutoka dukani kwa Negi. Kila ukipiga nasikia nusu ya kijiji ikipumua kwenye waya. Andika.

Binti yako,
Hansa


Dyolikhet, 14 Juni 1997

Mwanangu Hansa,

Uishi siku nyingi, na hasira zako ziishi chache.

Nimefika salama. Kondakta alinipa kiti cha mbele baada ya kumweleza mimi ni nani. Karatasi nimeiona na nimeielewa mara moja, ingawa michoro yako inafanana na vyura. Nafanya mazoezi kila asubuhi mbele ya nyumba. Goti linasikia amri. Majirani wananisifu.

Sasa, kwa maarifa tu, niambie: bega lisilotaka kupanda linafanyiwa zoezi gani? Na mgongo wa mtu anayebeba majani ya mifugo? Na magoti ya wanawake wanene? Nauliza kwa maarifa. Ukiandika yote kwenye karatasi moja itakuwa rahisi zaidi.

Nimefundisha mazoezi ya viungo shule ya serikali hadi nywele zikawa nyeupe. Watoto uwanja mzima wananyoosha mikono kwa filimbi moja. Sikumwona hata mmoja aliyehitaji kuandikiwa barua ndipo mkono wake unyooke. Mwili ni mwili.

Baba yako,
Dungar Singh Bora


Lucknow, 23 Juni 1997

Bauju,

Mwili si mwili! Jamani, hata wewe?

Mkuu wa kliniki yetu naye ameanza hayohayo. Anataka tuchapishe karatasi moja ya goti, moja ya bega, moja ya mgongo, tugawe mlangoni kama tiketi za sinema, foleni ipungue. Nimebishana naye hadi chai ikaganda utando. Wiki hiyohiyo walikuja wanawake wawili, bega lilelile, upande uleule. Mmoja ni mshonaji, analalia bega hilo kwa sababu upande wa pili analala mtoto. Wa pili mume wake alimvuta mkono, na sasa mtu akimkaribia tu anajikunja. Nambie wewe, mwalimu: niwape karatasi moja?

Kwa hiyo hapana, siandiki bega wala mgongo wala wanawake wanene. Mwenye bega aje, au aandike mwenyewe.

Badala yake nijibu mambo ambayo hukunipa nafasi ya kuuliza. Unachuchumaaje chooni? Usiku unalala vipi? Ukishuka ngazi za kwenye chemchemi unatanguliza mguu gani? Na kubwa kuliko yote: unataka goti hilo likufanyie nini? Usiniambie "lipone." Kila mtu ananiambia lipone. Lipone ufanye nini?

Hansa


Dyolikhet, 9 Julai 1997

Mwanangu,

Mvua imeanza, barua yako imefika kama chapati iliyodumbukia kwenye dengu. Niliyoweza kusoma nimeyasoma.

Mambo ya choo baba hamwandikii binti. Ngazi napanda na kushuka. Usiku nalala kama watu wote, macho yakiwa yamefumbwa.

Kwa maarifa tu: mfupa wa kifundo cha mkono ukivunjika, plasta hukaa muda gani? Na vidole vikivimba kwenye ncha ya plasta, ni kawaida? Mtu akilala, mkono auweke wapi?

Naomba ujibu haraka. Si kwamba kuna haraka.

Baba yako


Lucknow, 17 Julai 1997

Bauju!

Umevunjika mkono. Usinidanganye. Uliachia ukuta!

Fanya hivi sasa hivi. Mkono uukalishe juu ya mto, juu kuliko moyo, mchana na usiku. Vidole uvifumbe na kuvifumbua kila ukikumbuka, hata kama vinauma. Plasta imefunga kifundo, haikufunga vidole. Vikigeuka rangi, vikawa baridi au vikafa ganzi, rudi hospitali ya mjini siku hiyohiyo, usingoje basi la kesho.

Nimepiga simu dukani kwa Negi, aibu nimeweka pembeni. Amesema, "Mastasaheb, mwalimu wetu? Mzima kabisa, mikono yote miwili!" Kisha akacheka, akakata simu. Anacheka nini? Mbona watu wa huko mnanitia wazimu?

Andika kwa mkono wako, nione maandishi.

Hansa


Dyolikhet, chini ya barabara, 20 Julai 1997

Kwa binti yetu Daktari Hansa,

Salamu nyingi. Ni mimi Kishan Lal Tamta, mfua shaba. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipita mlangoni kwangu umeziba masikio. Nakuandikia kwa heshima na kwa maumivu ya bega.

Binti, mazoezi uliyotutumia hayatufai. Najua umesoma, na Mastasaheb alikuwa akitusomea karatasi yako kila asubuhi uani kwake. Lakini mkono huu umefua shaba maisha yote. Unataka kupumzika, yeye alitaka uzunguke kama panga la feni. Nikamwambia, "Mastasaheb, hapa pananikata." Akanijibu, "Tamta, mstarini!" Na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikarudi mstarini. Filimbi ile ilinichapa shuleni, hata leo naiogopa. Sasa nyundo siwezi kuinua. Masufuria ya watu yamepangana hapa, kila anayepita ananiuliza, "Tamta, umestaafu?"

Lakini mimi nina afadhali kuliko Rewati, mjane wa marehemu Bisht, yule mwenye nyati wa maziwa. Mwisho wa Juni alitusimamisha sote kwa mguu mmoja, ukingoni mwa ua, mbali na ukuta. Rewati akasema, "Mastasaheb, mimi nikiinua kichwa dunia inazunguka." Akamjibu, "Inazunguka kwa kila mtu, Rewati. Ndivyo dunia ilivyo." Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Hatujamaliza kucheka, Rewati ameshaanguka, amepitiliza ukingo hadi shamba la chini. Mkono wa kulia ukavunjika palepale.

Tangu hapo hakuna mazoezi. Mastasaheb hatoki. Ninachoomba ni karatasi nyingine, iliyo nafuu.

Wako,
Kishan Lal


Lucknow, 1 Agosti 1997

Bauju,

Nimepata barua ya Tamta-ji.

Nimeandika na kuchana barua yako mara kadhaa, hii ndiyo yenye matusi machache. Karatasi ile niliandika jina lako juu. Jina LAKO. Ukamsimamisha mama wa watu mwenye kizunguzungu kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa shamba, akakuambia kinachomsumbua kwa kinywa chake, ukamfanyia mzaha. Halafu ukaniandikia "kwa maarifa tu." Nimekosa usingizi nikidhani ni mkono wako.

Na wote hapo wanaamini ni mimi niliyetuma.

Tamta-ji nimemjibu mwenyewe: apumzishe bega, na nimemuuliza benchi lake lina urefu gani, nyundo anaishikaje, na lini bega lilianza kuuma. Ameulizwa, ona maajabu.

Kaki Rewati, shangazi wa kijiji kizima, yuko vipi? Jibu swali hilo moja tu. Mengine sitaki kuyasikia.

Hansa


Dyolikhet, 12 Agosti 1997

Hansa,

Umeuliza swali moja, nalijibu. Plasta imetolewa. Mkono umekuwa mwembamba kama wa mtoto, vidole vimevimba kama figili, havikunjiki. Anauficha chini ya shali. Nikipita anageuza uso. Jana nilimwambia afumbe na kufumbua vidole kama ulivyoandika. Akaniambia, "Nenda kapige filimbi kwenu." Basi.

Mengine umesema hutaki kuyasikia, lakini nitayaandika kwa sababu karatasi imebaki.

Niliporudi kutoka kwako watu walikuja kumjulia hali mgonjwa. Walikaa kidogo, wakanywa chai, wakaondoka. Nikaanza mazoezi yangu uani. Siku ya pili Tamta akasimama barabarani kuangalia, nikamwambia ingia. Siku ya tatu wakaja na wengine. Hansa, tangu mama yako afariki nyumba hii haijawahi kuwa na watu. Asubuhi nasikia kengele ya shule kule bondeni, miguu yangu inaanza kutafuta viatu, kisha nakumbuka. Halafu ghafla nina mstari mbele yangu. Kila mmoja ana kinachomuuma na wote wananiangalia mimi.

Sikumsikia Rewati aliposema. Si kweli. Nilimsikia. Lakini mstari ulikuwa umenyooka vizuri.

Sasa niambie cha kufanya. Siulizi kwa maarifa.

Baba yako


Lucknow, 21 Agosti 1997

Bauju,

Nimeisoma nikiwa kazini, ikabidi nimwambie mgonjwa aningoje nje.

Nilikuuliza choo, nikakuuliza ngazi, sikukuuliza unakula na nani. Na hilo ndilo la kwanza tunalofundisha wanafunzi hapa. Nimejikasirikia, na bado nimekukasirikia wewe, kwa hiyo usidhani mambo yamekwisha.

Cha kufanya ni hiki, na kwako kitakuwa kigumu kuliko zoezi lolote. Nenda kwa Kaki Rewati. Kaa chini yake, si juu yake. Omba radhi bila kutoa sababu. Kisha muulize haya: Siku yake inaanzaje, na mkono wa kulia ulikuwa ukifanya nini tangu anapoamka? Sasa hayo nani anayafanya? Kitu gani kimoja anakitaka kirudi kabla ya vingine? Anaogopa nini? Kizunguzungu kinamjia lini: akigeuka kitandani, akiinuka, au akiwa na njaa?

Ukishauliza, NYAMAZA. Usimjibie. Usimwambie "si kitu." Usimnyooshe mgongo. Andika alivyosema yeye, kwa maneno yake.

Hansa


Dyolikhet, 6 Septemba 1997

Mwanangu,

Nimefanya ulivyosema. Naandika maneno yake, na yangu machache yaliyonitoka.

Nilikwenda akiwa mlangoni anachambua dengu kwa mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye ngazi ya chini, goti likalia kama mlango. Nikasema, "Rewati, nimekuja kukuomba radhi." Akasema, "Umeagizwa na nani?" Nikasema, "Na Hansa." Akasema, "Angalau hudanganyi." Akaendelea na dengu.

Nikamuuliza siku yake. Akasema, "Nyati, moto, chai, majani, chemchemi, majani, nyati. Unajua siku yangu, unapita hapa kila siku." Nikamuuliza mkono wa kulia ulikuwa ukifanya nini. Akarudi kwenye dengu. Nilitaka kumsaidia neno, nikakumbuka, nikauma ulimi. Mwishowe akasema, "Ulikuwa ukifanya yote, Mastasaheb. Huu wa kushoto ulikuwa mgeni tu."

Nikamuuliza anaogopa nini. Akaangalia barabarani kwanza kama kuna mtu. "Mwanangu Puran anakuja Diwali," akasema. "Ameandika. Akiukuta mkono hivi, anauza nyati, ananipeleka Delhi. Chumba kipo tayari, ghorofa ya tatu. Mkewe si mbaya. Lakini nitafanya nini mimi ghorofa ya tatu? Nitakaa dirishani niangalie nguo za watu wengine zikikauka."

Nikasema, "Kwa hiyo ndiyo maana unauficha?" Akasema, "Nikiutoa watu wanaona. Wakiona wanasema. Wakisema kuna atakayemwandikia Puran. Kijiji hiki kinapenda kuandika barua." Alikuwa ananisema mimi na Tamta.

Anachotaka kirudi kwanza ni kukamua. Kizunguzungu kinakuja akigeukia upande wa kulia kitandani na akiinua kichwa kuangalia juu ya mti, kinakwisha upesi.

Kwa sasa nyati anakamuliwa na mtu fulani. Usijali hilo.

Baba yako


Lucknow, 15 Septemba 1997

Bauju,

Hii ndiyo barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Usijivune.

Ya Kaki Rewati haya hapa, yametokana na alivyosema, usimpe mtu mwingine hata akikulilia. Kila asubuhi mkono aulaze kwenye maji ya uvuguvugu, yale anayowachemshia mifugo au yoyote, kisha akamue kitambaa kilicholowa, ndani ya beseni, mkono wa kushoto ukisaidia. Unga wa chapati aukande yeye. Akimaliza, auinue mkono juu ya bega apumzike. Na autoe nje ya shali! Mwambie hivi: unavimba kwa sababu umekaa kimya, na umekaa kimya kwa sababu umefichwa. Kama anaogopa watu, afanyie ndani ya zizi. Nyati hana mtu wa kumwandikia.

Kukamua aanze na maziwa ya mwisho tu, chuchu zikiwa zimelegea, kwa kidole gumba na viwili, si kwa ngumi. Anayemkamulia sasa amwachie hayo ya mwisho. Mtu huyo ni nani? Mpe shukrani zangu.

Kizunguzungu hicho nakijua na kina dawa ya kichwa kugeuzwa kwa mpangilio, lakini haifanywi kwa barua. Nitakuja mwenyewe majira ya baridi. Hadi hapo asipande mti kukata majani. Nasema tena: usijaribu wewe.

Hansa


Dyolikhet, 4 Oktoba 1997

Naandika mimi, Dungar Singh, anayosema Rewati, neno kwa neno. Ameniapisha kwa nyati.

Hansa, binti yangu, uishi siku nyingi. Mimi kusoma sijui, kwa hiyo akiandika uongo utanisamehe.

Kwanza nikuambie ambalo huyu hatakuambia. Mtu fulani anayekamua nyati wangu ni yeye. (Mwandishi: hili halina umuhimu.) Andika! Bhuri hamkubali mtu mwingine ila mimi. Siku ya kwanza alimpiga teke, ndoo ikaenda kwa jirani. Siku ya pili nikamwambia, "Mastasaheb, vaa shali yangu, atadhani ni mimi." Akavaa. Shali ya kijani, amejifunika hadi kichwani. Mke wa Negi alikuja kuchukua maziwa akasema, "Kaki, umenenepa!" Nikacheka hadi mbavu zikauma. Nilikuwa sijacheka tangu nianguke, na kisa cha kuanguka kwangu ni huyohuyo.

Mwanzoni alikuwa anakalia debe, mguu ameunyoosha kama mpini wa jembe, mkono haufiki kwenye kiwele. Nikampa kigoda kirefu. Kisha kifupi. Sasa anachuchumaa kama sisi wote, kisigino kimoja tu hakijagusa chini. Akiinuka analalamika sana. (Mwandishi: silalamiki.)

Sasa la kwangu. Kitambaa nakamua, unga nakanda. Mkono nautoa, zizini tu. Maziwa ya mwisho yanatoka kidogo, kama mvua ya kwanza. Lakini vidole viwili vya pembeni vinafika nusu ya kiganja, vinasimama. Kila asubuhi naviambia njooni, haviji. Daktari wa mjini alisema, "Fanya mazoezi, mama," akaita anayefuata. Baba yako anasema utafumba kama wa askari. Huyu kila kitu kwake ni askari.

Wewe nambie kweli. Utafumba au hautafumba? Diwali ni mwisho wa mwezi.

Kaki yako,
Rewati


Lucknow, 13 Oktoba 1997

Kaki Rewati,

Naigusa miguu yako. Bauju akusomee taratibu, na asiongeze neno lake.

Hautafumba wote, Kaki. Mfupa umeunga lakini umeinama kidogo, na mishipa ya vidole viwili hivyo imeshikana kwa kukaa muda mrefu bila kusogea. Utaendelea kupata nguvu majira ya baridi yote na baada yake, kitambaa utakikamua vizuri kuliko leo, lakini ngumi ile ya zamani usiingoje. Nimeona mikono mingi ya namna hii, sitaki nikupe matumaini ya bure uje unilaumu baadaye.

Sasa na ulichonacho. Kidole gumba na viwili vinatosha kukamua, ila polepole. Mpini wa mundu uzungushie kitambaa unenepe, hapo vidole vilivyosimama nusu vitakuwa na cha kushika. Mzigo wa majani ufunge kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukandamize tu. Na uwe mdogo, nenda mara mbili. Ukivuta vidole vikauma, ni kuvutika, havivunjiki. Maumivu ya kuogopa ni yale unayoamka nayo kesho yake. Hayo yakija, punguza.

Puran utamwambia nini, sijui. Hilo si la mtaalamu wa viungo. Wewe unamjua mwanao na unaujua mkono wako.

Bauju, umeshasoma? Sasa yako. UNACHUCHUMAA! Nilikuchorea vyura kwa kalamu nyekundu, nikakuuliza unataka goti likufanyie nini, ukakaa kimya kama jiwe. Nimelisomea goti hilo chuo kizima, na kazi ameifanya nyati! Sijui nicheke au nijiuzulu. Usiinuke kwa ghafla, na ukiinuka shika nguzo. Kisigino acha kije chenyewe.

Hansa


Dyolikhet, 6 Novemba 1997

Naandika mimi tena, anayosema Rewati. Safari hii ameniapisha kwa wewe.

Hansa binti yangu,

Baba yako aliponisomea "hautafumba wote" aliinamisha uso, akataka kuiruka sehemu hiyo. Nilimwona. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nililia kidogo, siku hiyo chapati nilikanda vibaya. Kisha nikalala usingizi ambao sikuupata tangu mvua zianze. Nilikuwa nashindana na vidole viwili kila siku kama mtu anayegombana na wakwe. Sasa nimeviacha vikae vilipokaa.

Puran alikuja siku mbili kabla ya taa za Diwali. Nilimpokea na shali, mkono ndani. Akala, akaniambia habari za chumba. Kina feni. Kina bomba la maji mlangoni. Akasema, "Ija, mama yangu, mnunuzi wa nyati nimeshampata, ni mtu mzuri." Hapo nikautoa mkono, nikauweka juu ya goti lake. Nikasema, "Ndio huu. Uliungika hivi. Umefika hapa na vidole hivi viwili havitaendelea. Nimeambiwa na anayejua. Sasa njoo zizini."

Akasema, "Ija, giza linaingia." Nikasema njoo.

Nilimkamua Bhuri mbele yake, mwanzo hadi mwisho, gumba na viwili. Sikukosa chuchu. Lakini nilichelewa, binti, nilichelewa mno. Zamani ningemaliza na moto ungekuwa umewaka. Puran alisimama, akachoka, akaegemea nguzo, akachuchumaa. Mwishowe akasema, "Ija, inakuchukua muda mrefu hivi?" Nikamwambia, "Nina haraka ya kwenda wapi?"

Akainuka. Kisha akakasirika, ni mtoto mzuri lakini anakasirika kama baba yake. "Watu watasema nimemwacha mama yangu milimani na mkono mbovu!" Nikamwambia, "Waambie mama yako ndiye aliyekuacha wewe. Ukiona wanazidi, waambie waje nami niwaambie."

Hakucheka. Lakini ndoo aliichukua yeye, akaibeba hadi ndani, na asubuhi alitengeneza paa la zizi linapovuja. Kuhusu mnunuzi hakusema tena. Alipoondoka nilimpa samli na viazi. Akaushika mkono huu, akaugeuza huku na huku kama anasoma bei. Akasema atakuja tena majira ya mbegu, aone. Aje aone.

Mkono uliuma jioni yote ile, lakini niliamka hauumi. Nikamwambia baba yako, "Mastasaheb, asante, kuanzia kesho usije kukamua, namaliza mwenyewe." Akasema vizuri sana.

Kesho yake alikuwepo. Na keshokutwa. Hakamui, shali havai, anachuchumaa tu pembeni, ananiangalia na kuniambia kidole gumba kiko vibaya. Hata leo ndipo alipo, anaandikia huku. (Mwandishi: nilikuwa napita tu.)

Hansa, anapita kwenda wapi? Zizi langu ndilo mwisho wa njia.

Kaki yako,
Rewati